Rafiki Yetu Mnasa Sauti

Mwezi huu twapenda kuwapa habari za rafiki yetu mmoja, mpiga marimba na mnasa sauti, akaaye katika kitongoji kimoja karibu na Dodoma. Jina lake hatulitaji, maana yeye mwenyewe hapendi. Hana tajiri wala kampuni: chumba ni chake, mashine ni zake, na hasara ikija ni yake pia.

Tulijuana naye kwa ajili ya kwaya yetu, iliyotaka nyimbo zake zinaswe. Tangu siku zile twamtembelea mara kwa mara, hata pasipo kazi, tukakaa pembeni na kutazama. Wazee wetu hukumbuka kwamba mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kwa meli kutoka Unguja mpaka Bombay ili sauti yake itiwe katika sahani za santuri. Leo mwimbaji wa kwetu aenda kwa miguu, akafika kabla jua halijawa kali. Lakini asiwepo mtu wa kudhani ya kuwa kazi yenyewe imekuwa nyepesi. Kutani ametundika mablanketi mazito na magodoro makuukuu, ili sauti isigonge ukuta ikamrudia mwimbaji. Paa ni la bati. Mvua ikianza, kazi hufungwa. Wimbo wa dakika nne waweza kumla siku tatu. Sauti iliyotiwa katika sahani za CD hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, nayo mashine haichoki kupima. Lakini lililo zuri na lililo baya mashine haijui. Hilo ni la sikio, na sikio la rafiki yetu limefunzwa na marimba.

Tuseme kidogo juu ya marimba hiyo, maana ndiyo iliyotufahamisha thamani yake. Wagogo huiita ilimba. Ni sanduku la mti lenye vijino vya chuma, hupigwa kwa vidole gumba. Na kwenye tundu lake hubandikwa utando wa buibui, ili kila mlio utoke pamoja na mvumo. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliwasikilizisha watu wa Ulaya mvumo huo, wakaupenda. Basi, mzee mmoja wa kwetu alipigiwa kazi yake na fundi wa mjini, naye fundi huyo alipousikia mvumo alisema ni uchafu, akauchuja wote kwa kompyuta. Mzee alirudi na marimba safi, isiyo na uhai. Rafiki yetu alipoisikia alicheka sana, akasema, "Mwalimu, huyu amemwosha punda milia mpaka mistari ikatoka." Akaanza upya, akakiweka kipaza sauti karibu na tundu, mvumo ukaingia.

Sasa tufike kwenye neno lenyewe. Mwaka jana tulimkuta akikifunga kipaza sauti chake bora katika kitambaa, apate kukiuza. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa upole: "Mwalimu, rafiki zangu ni wengi, nao hunilipa asante. Asante haiingii katika Luku." Mwuzaji mmoja wa stendi naye alikuwa akizitia nyimbo zake katika kadi za simu za watu kwa fedha, bila kumwuliza, ingawa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yakataza jambo hilo. Lakini mwuzaji yule ni mgeni kwake. Waliomwumiza zaidi ni sisi tuliomwita ndugu.

Tukalipeleka neno hili kwenye kikao cha kwaya. Mzee mmoja, mtu mwema, alisema, "Seremala alitupa mabenchi tunayoyakalia. Huyu atupa upepo. Upepo nao walipiwa?" Watu wakacheka, nasi tukacheka. Kisha tukamwuliza mzee wetu kama aikumbuka sauti ya bibi aliyeianzisha kwaya ile, aliyefariki kabla rafiki yetu hajanunua mashine. Akanyamaza kitambo. Akasema alikuwa akiimba sauti ya pili, ila namna yake ya kuanza hawezi tena kuionyesha. Hakuna aliyeweza. Mabenchi ya siku zile yangalipo.

Ikaamriwa kwamba fundi alipwe nusu kabla ya kazi na nusu baada yake, nao wanakwaya wachange kidogo kidogo kila Jumapili ya kwanza. Mke wa rafiki yetu alituletea karanga za kukaanga bakuli zima, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe, twamfahamu.

Kipaza sauti hakikuuzwa. Tangu hapo nyimbo saba za wazee zimenaswa, na ya nane imekwama nusu, kwa kuwa mvua zimeanza na bati lapiga kelele. Mzee wa marimba amesema atarudi zikikatika, naye aleta utando mpya.