Safari ya Itigi

Msomaji mpenzi, ukipanda treni ya Reli ya Kati kutoka Dodoma kwenda Tabora, utapita Manyoni, na baada ya kilomita zipatazo 40 utafika Itigi. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912. Kandokando yake utaona vichaka ambavyo wataalamu wa mimea duniani wanavijua kwa jina la mji huu. Si msitu wa miti mirefu. Ni miti myembamba iliyosongamana, kimo cha mita 3 hadi 5, na mwenzako akikutangulia hatua chache humwoni tena. Waingiao humo kutafuta asali huitana. Mmoja aita, mwingine aitika, na hivyo hakuna apoteaye.

Nilifikia kwa rafiki yangu karibu na stesheni. Barazani alikuwako baba yake, mzee wa miaka sabini na zaidi, akitazama njia. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," asiitike. Nakiri kwamba moyoni nilisema: mzee huyu ana maringo.

Jioni tulizungumza habari za mvua na alizeti. Tulipocheka, naye alicheka, lakini akachelewa kidogo. Kisha akamwuliza mwanawe, "Wamesema nini?"

"Si kitu, baba," alijibu mwanawe.

Mzee akainamisha uso. Punde akachukua fimbo yake akaenda kulala, na giza halijaingia bado.

"Baba siku hizi hasikii," rafiki yangu akaniambia. "Hata jumuiya ameacha kwenda."

Angalia neno hilo, ndugu msomaji. Katika lugha yetu, "hasikii" ni mtu mwenye masikio mabovu, tena ni mtu mkaidi. Mara nyingi twajua kwamba mzee ana la kwanza, nasi twamkaripia kama mwenye la pili: "Nimekuita mara tatu!" Basi naye huchoka kuuliza, akajitenga.

Ukiendelea na reli hiyo hiyo utafika Tabora, ambako Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi mwaka 1963, ya kwanza nchini. Mtoto aliyekua kiziwi akafundishwa lugha ya alama anao wenzake wa kuzungumza nao. Lakini aliyepungukiwa kusikia uzeeni hajui alama, na maneno nayo yamemponyoka. Shirika la Afya Duniani lasema watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada. Wengi wao ni wazee kama huyu, wako nyumbani mwetu.

Wafanyeje watu wa nyumbani? Kwanza, mpelekeni hospitali. Itigi yenyewe inayo Hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Pengine ni nta tu iliyoziba sikio. Msichokoe kwa kijiti wala msitie mafuta kwa kubahatisha. Pili, mguse bega kwanza, ukae mbele yake penye mwanga, usizibe mdomo kwa mkono. Sema polepole bila kupiga kelele, maana kelele huharibu maneno, na uso wa mpiga kelele hufanana na wa mwenye hasira. Asipoelewa, badili maneno. Penye reli na barabara, afuatane na mtu, kwa maana honi haimfikii. Na "si kitu" lisitamkwe tena.

Kesho yake tulikigeuza kiti chake kikatuelekea, na taa tukaiweka katikati. Nilimgusa bega, nikamwamkia upya. "Marahaba, mwanangu! Umefika lini?" Sikuwa na la kumjibu ila kweli: tangu jana. Mkwewe akamweleza kile tulichochekea jana yake. Safari hii alicheka pamoja nasi, kisha akatusimulia habari za ujana wake na nyuki hata usiku ukawa mwingi.

Kichakani Itigi mtu asiyeitika hutafutwa. Je, nyumbani kwako, msomaji, yuko asiyeitika? Usingoje aite yeye. Mwendee.