Masaa Sita Moro: Kama Ndege Yako Inalala Dar, Soma Hii

Moro wanatuita mji kasoro bahari, na ni kweli, vingine vyote tunavyo. Mi huwa naongezea na ndege. Mtu wa huku akitaka kuruka anaenda Dar, kilomita kama 195, na akirudi kutoka nje anashukia Dar, halafu anaanza kupiga hesabu ya kutufikia sisi. Zamani hesabu hiyo ilikuwa haifungi kabisa. Foleni ya Kimara, foleni ya Kibaha, Chalinze, unafika usiku umechoka kama mzigo wa mahindi, na kesho asubuhi unatakiwa uwanjani. Kwa hiyo watu wetu wengi wamelala Dar usiku mmoja wakielekea kwingine bila kuuona mlima. Wanapiga simu tu: "Mama, niko Dar hapa, napita."

Neno hilo "napita" muulize mama yeyote wa Moro mwenye mtoto nje. Atakuambia.

Sasa tangu Juni 2024 treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria Dar mpaka Moro, mambo yamebadilika. Chini ya masaa mawili uko Kihonda. Ndo maana leo nataka kuwaambia ya dada mmoja ambaye wengi wenu mnamfuata TikTok, anapika pika kule Muscat, watu wanacheka na Kiswahili chake cha kuchanganya na Kiarabu. Jina siweki, msianze kubashiri. Wengi hamjui kwamba kwao ni Moro, Bigwa, chini kabisa ya mlima, na kwamba zile video anapiga jikoni kwa watu, kwa ruhusa ya mama mwenye nyumba. Mi nimemjua tangu darasa la pili. Ameniruhusu niandike, kwa masharti mawili: jina lisitoke, na picha ya mtoto isitoke.

Ilikuwa hivi. Mabosi wake walikuwa wanaenda Unguja mapumziko na wakambeba awaangalizie watoto wao. Bosi mwanaume alikuwa na shughuli zake Dar, kwa hiyo wakalala usiku mmoja hoteli ya karibu na uwanja wa ndege. Ndege ilitua mchana, siku ya Ijumaa. Akaomba ruhusa. Akapewa kuanzia saa nane mchana, na saa kumi na moja alfajiri awe mlangoni pa hoteli. Masaa kumi na tano, ndani yake kuna kwenda na kurudi. Miaka mitatu hajakanyaga kwao. Mtoto alimwacha ana miaka miwili, sasa ana mitano.

Alinipigia wiki moja kabla, sauti chini, kama anaiba: "Shoga, nina jioni moja. Nifanyeje?"

Kwanza nieleze njia, maana najua wengine mmekuja hapa kwa hilo. Ukitoka uwanja wa ndege wa Nyerere usirudi mjini kupanda treni. Shika uelekeo wa Banana, Ukonga, Gongo la Mboto, nenda stesheni ya Pugu. Ila hakikisha treni yako inasimama Pugu, maana zile za haraka zinapita moja kwa moja. Tiketi kata mapema mtandaoni na uwe na kitambulisho. Hapo ndo palikuwa na kazi, kwa sababu pasipoti yake anashikilia bosi. Mnaojua maisha ya Ghuba hamshangai. Bahati namba yake ya NIDA alikuwa nayo, ikatosha. Nauli ambayo LATRA waliipanga mwaka 2024 ilikuwa shilingi 13,000 kwa treni ya kawaida Dar hadi Moro. Na fika mapema, mizigo inapita kwenye mashine kama unaenda Ulaya.

Kama una masaa matatu au manne tu, usijidanganye, Moro huji. Baki hukohuko. Kula nyama yako Banana, au kama bado kuna jua panda Pugu kidogo, kuna msitu na upepo mzuri, na kuna ile sekondari aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla hajaacha ualimu akaingia siasa. Inatosha.

Kurudi, treni za siku ile hazikuendana na saa zake, tukapanga basi. Tangu Oktoba 2023 mabasi yalivyoruhusiwa kutembea usiku kucha, Msamvu hailali. Mabasi ya Mbeya, Iringa, Songea yanapita hapo yakienda Dar. La saa tano usiku linakufikisha Mbezi alfajiri mapema, unachukua bajaji au teksi mpaka uwanjani, barabara nyeupe.

Kwa hiyo Moro kwenyewe zilibaki kama masaa sita. Toa Kihonda mpaka Bigwa, toa Bigwa mpaka Msamvu. Zinabaki nne na ushee.

Na hapa ndo watu wanapoharibu. Habari ilivuja, si unajua kitaa. Siku mbili kabla kila mtu ana ratiba yake. Washkaji wa shule wanataka wakutane naye Rock Garden wapige picha kwenye mawe ya mto. Mwingine anataka ampeleke Soko Kuu la Chifu Kingalu akanunue viungo. Binamu yake anataka waende laivu pamoja, eti wafuasi waongezeke. Mtu wa tatu sijui wa nne anataka tu "kumsalimia", na mnajua kusalimia mtu wa Uarabuni maana yake nini. Nikajumlisha ile mialiko yote nikapata masaa kumi na moja. Nikaifuta mmoja mmoja. Walininunia, wengine mpaka leo. Nilimwambia bibi apike kila kitu kabla mgeni hajafika, jogoo achinjwe asubuhi, kisamvu kiwe tayari, asije akashinda jikoni wakati mtoto wake yupo sebuleni. Bibi hapa namaanisha mama mzazi wa rafiki yangu, wote tunamwita bibi tangu mjukuu azaliwe.

Nikampokea Kihonda saa kumi na moja jioni. Ile stesheni paa lake wamelifuatisha na milima ya Uluguru, halafu milima yenyewe inaonekana nyuma, Lupanga imevaa wingu kama kawaida yake. Alisimama pale nje na begi lake, akaangalia juu, hakusema kitu. Nikamwambia, dada, bajaji inasubiri. Ndo sababu nilienda mimi, mtu wa kumkatisha.

Bigwa tukamkuta mjomba.

Kwa wasiojua, sisi Waluguru ukoo ni wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, shamba linafuata huko, na mjomba ndo mwenye kauli. Kwa hiyo mtoto kulelewa na bibi mzaa mama hakuna aliyeshangaa, na mjomba kuitisha kikao hakuna aliyeshangaa pia. Alikuwa ameketi kwenye kiti kizuri, baraghashia kichwani, wazee wawili pembeni. Ajenda: nyumba ya bibi imesimama kwenye linta tangu mwaka jana, mkataba wa Muscat unaisha, na ukoo unaona ni busara aongeze miwili mingine ili paa lipande. Alianza na historia. Mjomba akianza na historia ya ukoo unajua umekwisha, anaanzia huko Kinole, enzi za babu.

Nikaangalia saa. Saa kumi na mbili na nusu. Moyo unanidunda, mi wa kuja tu pale.

"Mjomba, samahani, shikamoo tena," nikasema. "Huyu saa nne anatoka hapa. La nyumba tunaweza kulizungumza kwa simu hata kesho. La mtoto kwa simu limeshindikana miaka mitatu."

Kimya. Mzee mmoja akakohoa. Mjomba akanitazama, akamtazama dada yake, akasema, "Haya. Ila dua tuombe." Tukaomba dua. Fupi, namshukuru sana mpaka leo.

Sasa mtoto. Muda wote huo alikuwa nyuma ya kanga ya bibi. Alipewa zawadi zake, mdoli, kiabaya kidogo cha kung'aa, chokoleti. Akapokea kwa mikono miwili kama alivyofunzwa. Akasema, "Asante, anti."

Watu wakacheka kile kicheko cha kufunika kitu. Bibi akataka kumsahihisha, rafiki yangu akamzuia kwa mkono. Ikapita kama robo saa, adhana ya Isha ikasikika, mtoto akamvuta bibi kanga akauliza, sauti wazi kabisa: "Bibi, leo mama hapigi?"

Kila Ijumaa baada ya Isha ndo saa ya simu.

Rafiki yangu alitoka nje. Mi nikamfuata, nikidhani nitakuta mtu analia. Nikamkuta ananawa mikono kwenye ndoo. Akaniuliza, "Bibi ana chanuo?" Alikuwa ameona nywele za mtoto, nusu zimefumuliwa, kesho yake Jumamosi alikuwa apelekwe kwa msusi.

Basi akakaa kwenye kigoda, mtoto akakalishwa kwenye mkeka katikati ya magoti yake, mgongo kwake. Mafuta ya nazi, chanuo, twende kilioni, zile za kwenda nyuma. Mi nikashika tochi ya simu, maana taa ya sebule ni hafifu. Simu yake mwenyewe ilikuwa ndani ya begi, imezimwa. Wafuasi wake siku ile hawakuona kitu, na najua wengine mlilalamika.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini ilikubali. Ukikaa kusukwa humwangalii mtu usoni. Kale katoto sura ya mama yake kalikuwa kanaijua, imo kwenye kioo cha simu kila wiki. Mikono ndo kalikuwa hakaijui. Mistari miwili ya kwanza kalikaa kimya, shingo ngumu. Wa tatu kakasema, "Unavuta." Akajibiwa, "Pole mwanangu." Kakaanza kusimulia kuhusu kuku aliyeliwa, kwamba alikuwa mkorofi, anadonoa watu, na kwamba yeye hakumwonea huruma. Halafu kakashika ule mkono uliokuwa umepumzika begani kwake, kakauangalia kwenye mwanga wangu. Una kovu la kuungua, bado jipya, refu, chini ya kidole gumba.

"Hii nini?"

"Oveni."

"Inauma?"

"Kidogo."

Kimya tena. Mistari mingine miwili. Halafu bila kugeuka:

"Wewe ndo wa kwenye simu?"

"Ndo mimi."

"Mbona mrefu?"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Hata mjomba nje nilimsikia.

Saa tatu kasoro nywele ziliisha. Wakala pamoja sahani moja, kisamvu, ugali, na yule kuku mkorofi. Mtoto alilala kwenye mapaja yake kabla sahani haijaisha. Hakwenda popote. Mji hakuuona, soko hakuliona, mlima aliuona ile dakika moja ya Kihonda. Kuna mtu aliniambia baadaye, "Yaani mtu katoka Muscat mmemkalisha ndani?" Nikamwambia ndio, tumemkalisha.

Saa nne tukatoka. Alitaka kumwamsha amuage, bibi akakataa, akasema mwache, ataamka na nywele zake. Mi sikuwa na la kuongeza. Kwenye bajaji hakuongea mpaka tumevuka mjini. Msamvu palikuwa pamechangamka, mayai ya kuchemsha, mahindi, makondakta wanavutana mabegi. Nikamnunulia maji na kumkalisha siti ya dirishani upande wa kushoto. Akanambia, "Mwambie mjomba nitampigia." Saa kumi kasorobo akaniandikia WhatsApp yuko hotelini, mabosi wamelala.

Mjomba amepigiwa. Wamezungumza mara tatu. Linta iko palepale, mkataba unaisha mwezi wa tatu, na mpaka naandika hii hajasaini wala hajakataa. Ukimuuliza anasema anapiga hesabu. Mshahara upande mmoja, na upande wa pili sasa kuna kitu ambacho kabla ya ile Ijumaa hakikuwepo kwenye hesabu, au kilikuwepo bila uzito. Mi simshauri. Bati mnajua bei yake.

Zile nywele zilikaa wiki tano. Bibi alitaka kuzifumua wiki ya pili, zimeshachakaa, mtoto akagoma, akalala na kitambaa kichwani kama mama wa harusi.

Na Ijumaa iliyofuata, baada ya Isha, simu ilipopigwa nilikuwepo. Mtoto aliichukua mwenyewe mkononi mwa bibi. Sura ya mama yake ikatokea, imejaa kioo kizima, inatabasamu. Akaikatisha.

"Onyesha mkono. Kidonda kimepona?"