Sombe inayonata: tugeuze jani kwanza



Tangu mvua ilipokatika, katika paseli nyingi za hapa Mashamba tunasikia lalamiko moja: majani ya muhogo yananata kama yamepakwa asali, kisha yanakuwa meusi, na zile ncha tunazochuma kwa sombe zinajikunja. Wengine wanasema ni vumbi la makamyo ya migodi. Wengine wanasema ni jicho la jirani. Mama mmoja wa kikundi chetu, anayelipa masomo ya binti yake kwa kuuza sombe, alikuwa amekwisha kununua sokoni chupa ya dawa isiyo na karatasi ya kueleza kilichomo. Tulimwomba aiweke chini kwanza, tukaenda naye shambani.

Tuligeuza jani. Chini yake, na kwenye ncha ya mti, tulikuta wadudu wadogo weupe, kama wamepakwa unga. Hao wanafyonza maji matamu ya mti. Utamu unaowazidi wanautoa, unadondokea majani ya chini, na ndio unaonata. Juu yake unaota ukungu mweusi, na sisimizi wanapanda kuulamba. Ukiona sisimizi wengi wanapanda mti, wafuate tu: watakupeleka kwa mdudu. Basi jirani hana kosa. Vumbi nalo halizai mdudu, lakini linamsaidia, kwa sababu linawasumbua nyigu wadogo wanaomuua.

Nyigu hao wana historia katika nchi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mdudu mweupe wa muhogo, aliyetoka Amerika ya Kusini, alionekana hapa kwetu, wakati nchi inaitwa Zaire. Akaenea Afrika na kuleta njaa. Mwaka 1981 watafiti walimkuta adui yake kule Paraguay: nyigu mdogo sana anayetaga yai ndani ya mwili wa mdudu huyo. Taasisi ya IITA ya Ibadan, Nigeria, ikamzalisha na kumwachilia katika nchi nyingi. Aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren wa Uswisi, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Tukimwaga sumu ovyo, tunamuua huyo nyigu pia. Tena sombe ni majani yenyewe, watoto wanayala na bukari, na kupika hakuondoi kila sumu.

Hivi ndivyo tulivyofanya. Tulikata ncha zilizojaa wadudu, tukazitia ndani ya mfuko na kuzichoma. Jioni, jua likiwa limepoa, tuliosha majani kwa maji, zaidi upande wa chini. Kisha tulichanganya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita 1 ya maji, tukajaribu kwenye jani moja. Kesho yake, tulipoona halikuungua, tulipaka mti wote kwa kitambaa, kwa sababu ule unga unamkinga mdudu, lazima umsugue. Asubuhi tulisuuza. Baada ya siku 7 tulirudia. Sabuni ya unga tuliiacha, inachoma majani.

Majuma mawili mama yule hakuuza kitu. Tulimpa zamu yake ya likelemba mapema, ili binti asifukuzwe darasani. Juma la tatu ncha mpya zilitoka safi.

Mlimau na mpera ukinata, njia ni ileile: geuza jani, fuata sisimizi, kata matawi yanayogusa ukuta ili wasipate daraja, kisha osha.

Mvua ya mwezi wa 10 ikirudi, tupande mapema, ili muhogo uwe na nguvu kabla ya kiangazi. Na tusipeane vijiti vya kupanda kutoka mti mgonjwa, maana mdudu husafiri navyo. Mwenye vijiti safi alete kwenye mkutano, tugawane.