Mizani ya Siku za Mgao

Ndugu msomaji, wakati wa neema kila mtu huonekana karimu. Riziki ikipungua ndipo imani hupimwa.

Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, na Kampala ikatekwa Aprili 1979. Tulishinda, lakini gharama ya vita, pamoja na mafuta kupanda bei duniani, iliingia mpaka jikoni. Mwalimu Nyerere alitutaka tufunge mikanda kwa miezi 18. Shida ikakaa miaka.

Sisi wa Nyanda za Juu tuliona ajabu. Iringa na Mbeya ni mikoa iliyotegemewa na taifa kwa mahindi, na chai hulimwa Mufindi na Tukuyu. Basi chai ipo, sukari hakuna. Unga upo, mafuta ya taa hakuna. Nguo tulizifua kwa majivu na majani ya mpapai, na kwa baridi ya Juni maji yalikata vidole. Sabuni ya magendo ilivuka Tunduma kutoka Zambia, ikauzwa kwa mwenye fedha.

Balozi wa nyumba kumi aliandika idadi ya watu wa kila nyumba, na mgao ukafuata idadi hiyo. Hapo shetani alipata mlango. Wapo walioandikisha watoto wasiozaliwa, kisha wakailangua ziada. Mama yetu alikataa. Akisema, "Kilo ya uongo hailiwi kwa bismillahi."

Zito zaidi lilikuwa sanda. Bafta ilipotea madukani, na mfiwa alihangaika ofisi hata ofisi. Mama alikuwa na bafta kashani, aliyojiwekea kwa siku yake. Jirani alipofariki, aliitoa yote. Tukamwuliza, "Na wewe je?" Akajibu, "Mimi bado nina siku ya kutafuta. Yeye hana."

Mwaka 1983 Serikali iliwasaka walanguzi, na wengine wakatupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukamatwa. Lakini Mtume (S.A.W.) alikwisha kukataza zamani kuficha chakula ili bei ipande. Aliyemwogopa Mungu hakuwa na cha kutupa.

Mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na leo maduka yamejaa. Hata hivyo, sukari ilipoadimika mapema mwaka 2024, swali lilikuwa lile lile: unanunua ya kutumia, au ya kuficha?

Mtume alimwusia Abu Dharri azidishe maji ya mchuzi, awakumbuke jirani zake. Wasia huo haungoji vita wala mgao. Basi leo, kabla ya kupakua, mtazame jirani yako.

Wabillahi tawfiq.