Sili Haivuji Bure

Mwishoni mwa miaka ya 1980, nilipoanza kuwa spana boi kwenye gereji ya mjomba wangu pale Karatu, ekseli ya mbele iliyolowa oili haikuhesabiwa kuwa ugonjwa. Gari likishakula chumvi nyingi, watu walitegemea livuje. Dereva wa Land Cruiser pikapu aliinama nyuma ya tairi la mbele, akaona uji mweusi umeteremka hadi kwenye rimu, akamwambia mjomba, "Fundi, niongezee oili ya difu, nina safari." Mjomba aliongeza, akasukuma na grisi kidogo, gari likateremka Mang'ola kubeba vitunguu.

Hatukufanya hivyo kwa uvivu. Serikali ilikuwa imeruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao tangu 1984, na maduka yalishaanza kujaa tena, lakini spea zilifikia Arusha kwanza, na ukishapita Makuyuni kuja kwetu ilikuwa ni vumbi au tope. Sili mpya ilisubiriwa. Wakati wa kusubiri, mafundi walikuwa na ujanja wao. Ndani ya mdomo wa sili kuna springi nyembamba ya mduara inayoubana mdomo kwenye shafti. Waliitoa, wakaikata kidogo, wakaiunga tena ikiwa fupi, ili mdomo ubane zaidi. Uvujaji ulikoma kwa muda. Kisha mdomo ule uliobana kupita kiasi, ukichanganyika na vumbi, ulichimba mfereji kwenye shafti, na kuanzia hapo hata sili mpya kabisa haikupata mahali laini pa kushika.

Ili kuelewa hasara ya uvujaji huo, lazima ujue mle ndani kuna nini. Kwenye Land Cruiser za 40 za zamani, na hizi za 70 zilizoanza kutengenezwa 1984, ekseli ya mbele ni bomba moja gumu kutoka tairi hadi tairi. Kila ncha ina tufe la chuma lililong'arishwa, na ndani ya tufe hilo mna jointi inayoliwezesha gurudumu kukata kona huku likizungushwa na shafti. Difu inalainishwa kwa oili. Jointi inalainishwa kwa grisi nzito. Kinachozitenga ni sili moja tu, ndogo, iliyogongewa mwishoni mwa bomba. Ikichoka, oili inahamia upande wa grisi na kuiyeyusha, na mchanganyiko huo unatoka nje kupitia mpira na kitambaa kizito kinachofuta tufe. Basi difu inakauka upande mmoja, jointi inaoshwa grisi upande mwingine. Oili ikipenya zaidi na kuivuka sili ya habu, inafika kwenye breki. Kwa gari linaloteremka ukuta wa Bonde la Ufa likiwa na shehena na abiria juu yake, hilo si jambo la kufuta kwa tambara.

Kilichotubadilisha ni gari lililotujia likitokea gereji nyingine. Lilikuwa limefungwa sili mpya, na tayari lilikuwa linavuja upande uleule. Mjomba hakugusa spana. Alilipiga jeki, akashika tairi juu na chini kwa mikono miwili, akalitikisa. Lilicheza. Tukafungua, tukazikuta beringi za kingi pini, zile mbili zinazobeba nakali, nyumba ya nje inayolifunika tufe, na kuiacha igeuke, zimechimbika. Shafti ilikuwa haikai katikati tena. Ilikuwa inaulalia mdomo wa sili upande mmoja. "Mpwa," aliniambia, "hapa sili imeonewa bure. Tafuta kwanza nani anaiua."

Tangu siku hiyo tuliacha kuuliza gari linavuja wapi, tukaanza kuuliza kwa nini. Jibu la pili tulilipata makorongoni. Difu ina kitundu cha kupumulia. Gari likikimbia, oili inapata moto na hewa ya ndani inatanuka. Kitundu kikizibwa na vumbi la Ziwa Eyasi, presha hiyo inatafuta njia kwenye midomo ya sili. Halafu gari linaingia kwenye korongo lenye maji, ekseli inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na sili zilezile zinavuta maji ndani. Ukifungua bolti ya chini, oili inatoka na rangi ya chai ya maziwa. Kusafisha kitundu hicho ni kazi ya dakika chache, na kumeokoa sili nyingi kuliko ujanja wote wa kukata springi.

Zana nazo zilibadilika. Zamani nati kubwa za habu zilifunguliwa kwa patasi na nyundo, na nati nyingi zilikuwa na makovu. Siku hizi kuna boksi la 54 mm, na hakuna sababu ya kuzijeruhi. Zile washa za koni kwenye flanji hazibanduliwi kwa bisibisi. Unaweka kipande cha shaba, unagonga pigo moja la uhakika, zinaruka zenyewe. Ugumu wa beringi za kingi pini tunaupima kwa mizani ya springi, ile ya ndoana, tukiongeza au kupunguza shimu hadi nakali igeuke kwa uzito unaotakiwa. Na shafti inaporudishwa, mkono mmoja unaiinua njia nzima, maana meno yake yakiburuzwa juu ya sili mpya yanaukata mdomo kabla gari halijatoka gereji.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lami ilifika hadi lango la Ngorongoro, spea zikatufikia siku hiyohiyo, zikiwa kwenye maboksi yenye kila kitu: sili, gasketi, beringi, vitambaa. Zilikuja na bandia zake, zenye mpira unaokauka mapema, kwa hiyo kuchagua spea kumekuwa sehemu ya ufundi. Vijana wanatoka vyuo vya ufundi vya VETA wakijua kusoma vipimo ambavyo mjomba alivikisia kwa vidole. Pikapu nyingine zimeachana na ekseli ngumu mbele, jointi zao zinakaa kwenye mipira ya nje. Lakini Land Cruiser mkonga, yaani hizi za 70, hata baada ya kuwekewa springi za mzunguko mbele mwaka 1999, bado ina matufe yake mawili, na bado inaletwa kwetu ikiwa imelowa.

Mteja anayeniomba nimbadilishie sili tu, namwambia bei ya kazi nzima: beringi, kitundu cha kupumulia, uso wa shafti, grisi mpya baada ya kuosha ya zamani yote. Wengine wanaguna. Sipunguzi, kwa sababu kufanya nusu ya kazi hii ni kumchaji mtu sasa hivi na kumchaji tena mvua zikianza, na gari linalobeba watu kwenye mteremko ule halistahili fundi wa namna hiyo.