Milima Iliyo Chini ya Miguu Yetu



Mtu akikuuliza milima mikubwa iliyokunjwa iko wapi, utajibu nini? Mimi shuleni nilijibu: Himalaya kule Asia, Alpes kule Ulaya, Andes kule Amerika ya Kusini. Nikapata pointi zote. Hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa nimekaa juu ya milima ya namna ile ile, hapa kwetu Katanga.

Baba yangu alifanya kazi miaka mingi katika kaliere. Hakusoma sana, lakini mawe aliyajua. Jioni moja alichukua vikwembe vitatu vya mama, akavitandika juu ya meza, kimoja juu ya kingine. "Angalia, mutoto. Ni vile mabwe ililalaka mu maji." Kisha akaweka mkono huku na mkono huku, akasukuma. Nguo zikapanda, zikashuka, moja ikalala juu ya mwenzake. Mama akalalamika kwamba alikuwa amezipiga pasi asubuhi ile ile. "Njo vile," baba akasema. "Na mukuba iko mu kikwembe ya chini."

Baadaye nilikuta katika vitabu kwamba hakukosea. Zaidi ya miaka milioni 800 iliyopita hapa palikuwa na bahari ya kina kifupi. Mchanga, tope na chokaa vililala humo, tabaka juu ya tabaka. Wale wa mine munajua R.S.C., lile jiwe gumu lenye vitundu. Lilijengwa na viumbe vidogo sana vya majini, wakati dunia haijapata hata samaki mmoja. Shaba nyingi ya Kolwezi na Likasi iko chini yake kidogo na juu yake kidogo.

Kisha, karibu miaka milioni 550 iliyopita, vipande viwili vikubwa vya nchi vilisukumana: kile cha Kongo kaskazini, kile cha Kalahari kusini. Matabaka yakabanwa katikati, yakakunjwa, yakasukumwa kuelekea kaskazini. Ndiyo sababu ukiangalia ramani unaona migodi yetu imepangwa kama upinde: Kolwezi, Fungurume, Likasi, Lubumbashi, mpaka ndani ya Zambia. Wenye elimu ya mawe wanauita Upinde wa Lufilia.

Mbele yake Himalaya ni mtoto wa juzi. India iligonga Asia miaka milioni 50 hivi iliyopita, na hata leo ingali inasukuma, sentimita chache kila mwaka. Juu kabisa ya Everest, mita 8,849, kuna mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe vya bahari. Ile yetu mvua na mito vimeikula muda mrefu, vikaacha mizizi tu. Vile vilima vyenye upara, ambako miti inakataa kuota na maua ya shaba peke yake yanakubali, ni vipande vya matabaka yale. Na ukitaka kuona matabaka yasiyokunjwa, uende Kundelungu. Msukumo ulifika kule umechoka. Mawe yamelala karibu sawa na meza, na maji ya Lofoi yanaruka kutoka ukingoni zaidi ya mita 300.

Lakini kikwembe na jiwe si kitu kimoja. Jiwe likikunjwa kupita kiasi linapasuka. Kwetu matabaka mengi yalivunjika vipande, vingine vikubwa kama kilima kizima, vikabaki katikati ya mawe yaliyosagika. Mchimbaji anafuata kijani, anafuata, mara kijani kinakatika kama kamba iliyopigwa panga.

Mdogo wangu alikuta hivyo. Mishahara ilikuwa imesimama, yeye na wenzake wakaingia kuchimba kwa mkono. Baba alimwambia: "Mukuba ikikatika, mutoke. Kule mbele hakuna ukuta, iko mabwe ya kuvunjika." Wao wakaona labda inaendelea ng'ambo. Wakasonga mita chache. Ilikuwa wakati wa mvua, na juu ikashuka. Mdogo wangu alikuwa nje anavuta mifuko. Mwenzake aliyekuwa mbele hatukumtoa mzima. Musiniulize jina lake, mama yake anasoma gazeti hili.

Baba sasa ni mzee. Juu ya kabati lake kuna libwe moja, kubwa kama mkate, lenye mistari ya kijani iliyopinda kama kiwiko. Limetoka katika shimo lile. Watoto wa mtaa wakija, anawaonyesha kwa kidole: hapa ilikunjama, hapa ikavunjika. Mdogo wangu akisikia wameanza hayo, anachukua kofia yake anatoka nje.