Mlio Usiokuja Gereji

Dereva akiniletea gari na kusema "fundi, linalia," simwulizi linaliaje. Kila dereva ana namna yake ya kuigiza mlio, na wengine wangefaa zaidi kwenye vichekesho kuliko kwenye usukani. Namwuliza lini. Ukikanyaga breki au ukiachia? Ukikata kulia au kushoto? Likiwa tupu au na mzigo? Asubuhi na umande, au mpaka chuma kipate moto? Ukiingia korongoni kwa gurudumu moja au kwa yote mawili? Wengi hukereka, wanaona wamekuja kwa fundi wakakuta polisi. Lakini kwenye kazi ya chesisi, sauti peke yake inadanganya. Saa na mahali ilipotokea ndivyo vinavyosema kweli.

Hilo la mahali limenisumbua nusu ya maisha yangu ya kazi, kwa sababu mimi ni mtoto wa Mishamo.

Makazi ya wakimbizi ya Mishamo, magharibi mwa Tanzania, yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, wazazi wangu wakiwemo. Ni zaidi ya kilomita za mraba 2,000 za miombo, vijiji 16, na kila familia ilipewa hekta tano ifyeke yenyewe. Shirika la kuhudumia wakimbizi la TCRS, likishirikiana na serikali na UNHCR, lilijenga barabara, visima, shule na zahanati, kisha mwaka 1985 uendeshaji ukakabidhiwa serikalini. Mimi nilizaliwa ndani ya hayo yote, nikakua nikiyakimbilia magari: Land Rover zilizochoka, Land Cruiser za springi za mabamba mbele na nyuma, malori ya mahindi na tumbaku. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na gereji ya miti na bati karibu na soko. Alinipokea kwa sharti moja: mwezi wa kwanza nisishike spana, nishike kitambaa. Nifute tu. Nililalamika kwa mama. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba anayefuta chesisi kila siku anaijua kwa vidole, na akikuta mahali penye ufa ataujua hata gizani.

Mpanda ilikuwa mji wetu wa spea, zaidi ya kilomita 100 za vumbi kiangazi na tope masika. Ila mkimbizi hakuwa anatoka nje ya makazi bila kibali cha Mkuu wa Makazi. Kibali kilitolewa kwa safari yenye sababu, na ilikuwa vigumu kumweleza karani kwamba sababu yako ni kwenda kusikiliza gari. Kwa hiyo madereva walikwenda, mimi nikabaki. Walirudi na hadithi za njiani: "Lilianza kugonga baada ya Vikonge, likanyamaza tulipokaribia nyumbani." Nikiingia chini, kimya. Nikilitikisa, kimya. Nikiliendesha mpaka Ilangu, humo humo makazini, na kurudi, kimya.

Basi nikaanza kuitengeneza barabara nyumbani. Nyuma ya gereji nilichimba shimo la mshazari, gari likipita gurudumu la mbele kushoto linazama wakati la nyuma kulia limepanda, chesisi yote inajikunja. Mbele yake nililaza magogo, umbali wa hatua moja kutoka gogo hadi gogo, nikayafukia nusu. Nilikuwa na magunia ya mchanga ya kuiga mzigo. Nilimweka kijana mmoja akimbie kando ya gari na mwingine alale juu ya mzigo na sikio lake kwenye bodi. Watu wa sokoni walikuja kutazama, wakidhani tumepagawa. Milio mingi niliipata pale.

Cha kwanza cha kusikiliza ni mapigo. Tairi la 7.50-16 likizunguka mara moja, gari limesogea kama mita mbili na nusu. Propela, kwenye Land Cruiser nyingi za kazi, inazunguka mara nne na kidogo kwa kila mzunguko wa tairi, kwa sababu ya meno ya difu. Nenda mwendo wa mtu anayetembea, toa kichwa dirishani, hesabu. Mlio ukija mara moja kwa kila mita mbili na nusu, uko kwenye gurudumu: jiwe, beringi, diski, nati ya tairi. Ukija mara nne, tazama propela na krosi zake. Usipofuata mwendo kabisa, ukafuata mashimo tu, achana na vitu vinavyozunguka. Tafuta vinavyoning'inia na vilivyofungwa. Na ukibaki vilevile gari likiwa limesimama huku injini inanguruma, toka kwenye chesisi, nenda kwenye ekzosi na mauntingi za injini. Kwa swali hilo moja nusu ya kazi imeisha kabla hujachafua nguo.

Krosi iliyokauka grisi hulia kama panya, kwi kwi kwi, mwendo mdogo, kisha hunyamaza ukiongeza kasi. Si kwamba imepona, upepo na injini vimeifunika. Iliyokwisha kabisa haina kelele ya kudumu, inapiga ko! moja ukitoka rivasi kwenda mbele. Beringi ya gurudumu huvuma, na ukikata kona mvumo hupanda au hushuka kwa kuwa uzito umehamia upande mmoja. Jointi ya ekseli ya mbele hutafuna meno ukikunja usukani mpaka mwisho huku gari linavuta. Toyota walipobadilisha Land Cruiser mwaka 1999 na kuweka springi za koili mbele, milio ya mbele ikabadilika pia: bushi za mikono inayoshika ekseli, na bushi za ile rodi ya mshazari inayozuia ekseli isihame pembeni. Tulilazimika kujifunza upya upande mzima wa gari.

Shida ya chuma ni kwamba kinasafirisha sauti. Kulikuja hardtop moja ya shughuli za afya, imetoka kuzunguka vijiji, inapiga ngo! chini ya miguu ya dereva kila ikivuka mtaro kwa pembe. Ilikuwa imeshapita kwa mafundi wengine. Bushi zote za mbele mpya, shokapu mpya, boksi la usukani limekazwa mpaka linalia kwa kukazwa, na ngo! ipo palepale. Tuliipitisha kwenye shimo langu la mshazari. Yule kijana aliyekimbia upande wa kulia akasema imetoka mbele. Aliyelala juu akasema nyuma. Nilimsadiki wa juu, maana hakuwa na macho ya kumwambia pa kusikiliza.

Nilichukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nikaomba gari litikiswe polepole. Mbele, sauti ilifika imechoka. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua kwenye reli ya kushoto, ikawa inakaza, mpaka karibu na bano la springi ya nyuma ikanipiga sikioni kama kofi. Palikuwa na tope lililokauka la misimu miwili. Tulikwangua kwa tindo, tukaosha, tukafuta. Hapakuonekana kitu ila mstari mwembamba wa kutu nyekundu, mwembamba kuliko uzi, unaoanzia kwenye mshono wa bano na kupanda. Kutu mpya ya rangi hiyo juu ya chesisi nyeusi ina maana moja tu: vyuma viwili vinasagana pale na maji yanaingia. Ufa ulikuwa umefika zaidi ya nusu ya kimo cha reli. Kila gari lilipojikunja, kingo zake zilifunguka, na lilipojinyoosha ziligongana. Reli ilibeba ule mgongano mpaka kwa dereva, ambako sakafu nyembamba iliupigia ngoma.

Nieleze tulivyoutengeneza, kwa sababu naona vijana wanauchomelea juujuu na kupaka rangi. Kwanza toboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa, usiendelee kupasuka. Halafu uchimbe ufa kwa jiwe la kusaga mpaka uwe mfereji, ili moto wa kuchomelea ufike ndani. Vua nyaya za betri. Ukishajaza na kusawazisha, weka kiraka cha chuma cha unene uleule, lakini kisikatwe mraba. Kata umbo la almasi, kona ndefu zielekee mbele na nyuma, maana mshono uliosimama wima kwenye reli ni mwaliko wa ufa mwingine palepale. Umeme wa gridi haukuwapo. Tuliwasha jenereta la kukodi, na dizeli ilinunuliwa kwa chupa. Kazi ikaenda mpaka usiku.

Si kila mlio una heshima hiyo. Mingi ni mizigo. Nimefungua mlango wa nyuma nikakuta jeki inacheza chini ya kiti, ndoo ya asali isiyofungwa, tairi la akiba lililolegea mnyororo. Nimekuta spana namba 17 ya fundi mwingine juu ya reli ya chesisi. Nilimrudishia, akaniangalia kama nimemwibia. Kuna kijiwe kinachoingia kati ya diski na bati lake, kinapiga ukelele wa kumfukuza mtu garini, na dawa yake ni kurudi rivasi kidogo au kulikunja bati kwa bisibisi. Masika, tope hukauka ndani ya rimu upande mmoja, gari likifika kasi fulani linatetemeka lote na dereva anaapa kuwa chesisi imepinda. Namwagiza maji na fimbo, namwambia aoshe. Hapo huwa sitozi hela, ila nikitoza huwa wananiamini zaidi.

Ule mlio wa baada ya Vikonge haukuwa wa kundi hilo. Ulikuja kwa magari tofauti, miaka tofauti, kwa maneno yaleyale: linaenda vizuri saa nzima, kisha nyuma inaanza kugonga du, du, du, usukani unakuwa mwepesi, gari linataka kuhama njia. Ukipumzika kula, ukarudi, limepona. Wapo waliosema barabara ina mashetani. Mimi nilikuwa na dhana yangu, ila nilihitaji kuwa pale, kwenye kiti, wakati chuma bado cha moto. Na pale palikuwa nje ya makazi.

Mkoa wetu wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kutoka Rukwa, na sisi bado tulikuwa tunasubiri karatasi. Uraia wa Tanzania kwa watu wapatao 162,000 wa makazi ya zamani, sisi wa Mishamo pamoja na wenzetu wa Katumba na Ulyankulu, ulikubaliwa mwaka 2010, lakini vyeti vilianza kutolewa mwishoni mwa 2014. Katikati ya hapo palikuwa na habari kwamba tutatawanywa mikoa mbalimbali. Mtu hajengi gereji ya matofali kwenye kiwanja ambacho huenda akaambiwa akihame, kwa hiyo miti na bati vikaendelea. Nilipopata cheti, wenzangu walikwenda kutembea Mpanda, wengine Kigoma. Mimi nilipanda Land Cruiser iliyokuwa na ule mlio.

Tulitoka alfajiri na mzigo kamili. Barabara ilikuwa na mawimbi yale madogo, kama bati la paa, yanayoumbwa na magurudumu yenyewe yakirukaruka kwenye udongo mkavu. Ukienda taratibu yanakumeza moja moja. Ukifika mwendo fulani, gurudumu linaparaza vilele na gari linaonekana kuelea. Madereva wanaupenda mwendo huo. Shokapu hazina pa kupumzika: zinatoka na kuingia mara nyingi kila sekunde, mafuta ndani yake yanachemka na kutoa povu, na povu halizuii kitu. Baada ya Vikonge ikaja, du, du, du. Ekseli ya nyuma ilikuwa inaruka na kupiga vile vizuizi vya mpira chini ya chesisi.

"Simama, kaka. Usizime, simama tu."

Niliingia chini kabla vumbi halijatupita. Niliweka kiganja karibu na kila shokapu. Ya mbele kulia ya moto. Ya mbele kushoto ya moto. Ya nyuma kulia haishikiki kabisa. Ya nyuma kushoto ilikuwa ya uvuguvugu, kama chuma kilichokaa juani. Hiyo ndiyo iliyokufa. Shokapu inayofanya kazi hugeuza mtikisiko kuwa joto. Isiyo na joto haifanyi kazi, na mwenzake anabeba mzigo wa wawili mpaka naye anachemka na kuacha. Kwa nje ilikuwa safi, haina tone la mafuta. Gereji usingeiona, kwa sababu springi za mabamba zina msuguano wake zenyewe, na ukilikandamiza gari kwa mikono halitikisiki hata kama shokapu ni tupu. Na kwa nini lilinyamaza karibu na nyumbani? Kwa sababu kuingia Mishamo barabara ilikuwa mbovu kiasi kwamba kila mtu alipunguza mwendo, na mafuta yakapoa njiani.

Dereva aligusa mwenyewe, moja baada ya nyingine, akatoa mkono haraka kwenye ile ya nyuma kulia. Akasema: "Kumbe mbovu ni ile isiyouma."

Tulibadilisha zote mbili za nyuma mjini Mpanda siku hiyohiyo. Anayejua kazi yake habadilishi moja. Tangu hapo sipokei malalamiko ya mlio wa safari bila kupanda safari, na bei yake nimeiandika ukutani pamoja na chakula changu. Sasa kipande cha Mpanda hadi Vikonge kimewekwa lami, na milio imebadilika tena. Gari likitoka vumbini kuingia lami, kelele zote za mawimbi hukatika mara moja, na mvumo wa beringi uliokuwa umefichwa unasikika waziwazi. Madereva hunipigia simu wakiwa hapohapo, wamesimama kando ya lami, wanasema gari limeharibika sasa hivi.

Nawauliza: ukikata kulia linapanda au linashuka?